Malkia Anauliza

Walitupa meza ya mwisho, jirani na mlango wa maliwato,
na bendera waliyotuwekea haikuwa yetu.
Nyeupe, samawati, nyekundu: rangi zilezile, ndiyo,
lakini ngao ile ilikuwa ya Slovakia.
Sikusema kitu. Nimezoea.
Nikaisogezea bango mbele
kama mtu afunikaye doa kwenye kitambaa cha meza ya wageni.

Hapa ni Nagoya, ukumbi wa tatu, saa nne asubuhi,
na mimi, Zvonka Hribernik wa Idara ya Biashara ya Nje,
nina dakika sita za kuiuza Slovenia,
nchi unayoweza kuivuka kwa gari
kabla chai ya chupa haijapoa.

Maneno nimepewa na Ljubljana, kwa wino wa kung'aa:
Nchi ndogo, akili kubwa.
Nayatamka kwa haya,
kama mama anayemsifu mwanawe mbele ya wakwe.
Ukubwa ni jalala, husemwa. Na udogo je?
Udogo ni kutaja jina lako mara mbili kila uendako,
na mara ya pili polepole.

Wa kulia kwetu wana roboti linalokunja mashati.
Wa kushoto wameleta treni, nusu yake, imekatwa kama mkate.
Sisi tuna kisanduku kisichozidi kiberiti.
Na tuna Vinko.

Vinko hakutaka kuja. Amevaa suti aliyomzikia baba yake.
Kwao ni Cerkno, milimani, ambako mkewe Marjeta
huunganisha nyaya juu ya meza ya jikoni,
kati ya sufuria na madaftari ya watoto.
Kisanduku wamekiita Sikio.
Unakipachika ndani ya mzinga, kinasikiliza nyuki
usiku na mchana, kisha kinakuarifu kwa simu:
leo wametulia; leo wana njaa;
kesho, usipoangalia, wanahama.

(Mzinga wa nyuki, nasema.
Wakubwa wanayo mizinga ya namna nyingine,
na hiyo haihitaji maonyesho kupata mteja.)

Saa tano na robo akaja Bwana Kuwabara,
mnunuzi wa maduka mia tatu ya zana za kilimo.
Akaisoma karatasi yetu pande zote mbili.
Kwa mwaka mnatengeneza vingapi?
Elfu mbili, nikasema, na mia tano kati yake ni za uongo.
Mkalimani akashusha macho.
Agizo dogo kabisa la kampuni yake ni elfu arobaini.
Akainama kwa adabu,
ile adabu inayofunga mlango bila kuubamiza.

Hapo Vinko, ambaye Kiingereza chake ni maneno thelathini
na ishirini kati yake ni majina ya skrubu,
akamvisha visikilizio. Hakumwomba. Alimvisha tu,
kama unavyomvisha mtoto kofia ya baridi.

Najua alichokisikia.
Kwanza mvumo, kama mvua inayokuja kwa kupitia msituni.
Kisha, ndani ya mvumo, sauti nyembamba:
tuuut. Tuut, tuut.
Malkia kijana, ametoka kwenye nta jana.

Bwana Kuwabara akafumba macho.
Nusu ya treni ikapiga honi; hakushtuka.
Amekasirika? akauliza.
Vinko akajibu kwa Kislovenia, nami nikampa mkalimani,
na maneno yakafika yamechoka, lakini mazima:
Anauliza kama yumo malkia mwingine nyumbani.
Na kama yumo?
Humjibu. Angali kifungoni ndani ya nta, humjibu.

Ningependa kusema alitia sahihi.
Alinunua kumi na viwili. Kwa pesa zake mwenyewe, taslimu,
akizihesabu mara mbili. Kumbe ana mizinga juu ya paa la nyumba yake,
na mwaka jana kundi zima lilimhama akiwa kazini.

Usiku, hotelini, nikajaza fomu ya idara.
Thamani ya mikataba, kwa mamilioni ya yuro:
sifuri zilikuwa zimeshachapwa, zinangoja tarakimu.
Fuata nyuki ule asali, lakini methali
haisemi umfuate umbali gani.
Nikaandika: vipande kumi na viwili.
Pembeni, pasipoandikwa kitu, nikaandika: Kuna aliyejibu.
Nikalifuta hilo,
nikaandika habari ya bendera.